Visiki vya Mpunga

Viwavijeshi hawapigi hodi. Fausta aliliacha shamba Jumapili jioni mpunga ukiwa umefika magotini, umekoza kijani cha kumfanya mtu atabasamu peke yake njiani, na aliporudi Jumatano asubuhi akakuta visiki. Hakuna jani hata moja. Ekari mbili nzima zilikuwa vijiti vifupi vinavyochungulia juu ya maji, vimekatwa ovyo kama ndevu zilizonyolewa kwa wembe butu. Maji ya majarubani yalikuwa yametapakaa kinyesi cha viwavi, cheusi, cha punjepunje, na harufu ya majani yaliyotafunwa ilikuwa bado imetanda bonde zima. Wenyewe walikwisha kuondoka. Wanajua kula, lakini kuaga hawajui.

Aliketi juu ya tuta na jembe magotini. Aliumia, tena sana, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba hakuumia.

Mpunga ule haukuwa chakula cha mwaka tu. Fausta alikuwa amerudi Ifakara miaka miwili nyuma, baada ya miaka kumi na mmoja ya kukata miwa kule Kidatu na ndoa iliyoishia hukohuko. Kaka yake Gaudensi, mkubwa wa familia na mshika mashamba ya marehemu baba yao, alimpa zile ekari mbili za bondeni. Alimpa kwa mdomo, na kwa masharti. Mwaka wa kwanza mafuriko yalizoa zaidi ya nusu. Basi siku ya Krismasi, mbele ya ndugu wote na sahani za wali mikononi, Gaudensi akasema: "Mwaka huu ukianguka tena, Fausta, shamba linarudi kwangu nalikodisha. Ardhi si ya kujifunzia." Hakuna ndugu aliyebisha. Wengine waliongeza mchuzi.

Hata jua halijapanda vizuri, Gaudensi mwenyewe alitokea kwenye njia akisukuma baiskeli, na mkewe Aurelia nyuma yake na ndoo kichwani. Shamba lao lilikuwa jirani tu, mwendo wa majaruba sita.

"Shikamoo kaka. Wifi, habari za huko?"

"Marahaba," alisema Gaudensi. "Huko hakuna habari. Langu nalo limeliwa lote."

"Poleni jamani."

"Pole na wewe. Sasa sikiliza. La kuvunda halina ubani. Venance yuko hapo chini na pawatila yake ya kulimia, leo na kesho tu, keshokutwa anahamia Mngeta. Anaanza langu, kisha anakuja lako. Tunageuza udongo, tunamwaga mbegu upya. Februari haijaisha, mvua zipo."

Gaudensi alikuwa mtu mwema, lakini wa kuamua kwanza na kusikiliza baadaye, kama nafasi itapatikana. Alikuwa amekwisha kugeuza baiskeli.

"Langu asilime," alisema Fausta.

"Unasemaje?"

Hata yeye alijishangaa. Lakini neno lilikwisha kutoka, na alipolitazama vizuri aliona ni lake. "Kaka, nimekata miwa miaka kumi na mmoja. Tunaikata usawa wa udongo, tunaacha shamba jeupe. Wiki mbili zikipita, imeota. Kilichokatwa si lazima kiwe kimekufa."

"Mpunga si muwa."

Hapo alikuwa na haki yake. Lakini Fausta alikuwa anamkumbuka mama yao. Kila mwaka, mvua za masika zikishika, mama alikuwa anang'oa shina moja la mpunga, analipasua kwa wembe toka juu mpaka mizizini, na kutazama moyo wake. Akiona kitu cheupe kama uzi wa pamba kimeanza kupanda ndani ya shina, anasema mpunga umeshika mimba, na nyumba nzima inaanza kufunga mizigo ya kuhamia dunguni kulinda ndege. Wanawake wengi wa bondeni walifanya hivyo. Ila walifanya Aprili, kwa ajili ya ndege. Nani apasue mpunga Februari, tena ulioliwa?

Fausta alifungua fundo la kitenge akatoa wembe aliokuwa anakatia kamba za mifuko. Akashuka jarubani, akang'oa kisiki kimoja, akakiosha tope, akakipasua polepole juu ya mpini wa jembe. Juu kulikuwa na maganda matupu, ganda la jani ndani ya ganda la jani. Akashuka na wembe mpaka karibu kabisa na mizizi, pale palipokuwa chini ya tope. Hapo, katikati, palikuwa na nukta nyeupe, ndogo kama ncha ya chenga ya mchele, mbichi, inang'aa. Haijaguswa.

"Njoo uone," alimwita kaka yake.

Gaudensi aliinama, akakunja macho. "Naona kitu cheupe."

"Huo ndio mpunga wenyewe. Yale majani yalikuwa nguo. Wamemvua nguo, mwenyewe amejificha chini huku anawasubiri waondoke."

Alipasua kingine, na kingine, akienda upande wa mtoni. Visiki vitano, sehemu tano, na vyote vilikuwa na ile nukta chini ya tope. Aurelia, mwanamke wa moyo mweupe na hesabu za haraka, alianza kukubali kwa kichwa. "Ni kweli, bado mchanga huu. Tulipandikiza siku moja mimi na yeye. Wiki tatu na ushei tu."

Na hapo ndipo kosa lilipoingia, wote watatu wakiwa wamesimama na macho yao. Bondeni umri wa mpunga huhesabiwa toka siku ya kupandikiza. Ukimuuliza mtu mpunga wako una siku ngapi, atakutajia siku aliyokunja mgongo. Siku za kitaluni hazina mwenyewe. Mwaka wa kawaida hazileti shida, kwa kuwa miche yote hukaa kitaluni wiki tatu, nne. Mwaka ule haukuwa wa kawaida.

"Ukishindwa usije ukasema sikukwambia," alisema Gaudensi akiondoka. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, kaka."

Siku ile Fausta alifanya kazi kama watu wawili. Kisiki kisicho na jani hakina pa kuvutia hewa, na kikizama kinaoza, kwa hiyo alianza kukata matuta, jaruba moja baada ya jingine, maji yashuke mpaka visiki vitoe vichwa. Watu waliopita njiani walimwona anamwaga maji mwaka ambao watu waliyalilia, wakatikisa vichwa. Yeye alikuwa anaimba. Aliamini alichokiona kwa macho yake, na kuamini huku kulimfanya jembe lake liwe jepesi.

Kesho yake mchana alifika kona ya njiani, robo ya mwisho ya shamba. Pale tope lilikuwa zito, na kisiki kimoja kikamkatikia mguuni. Kilikatika kwa mlio mkavu, na ndani kilikuwa na tundu. Fausta alisimama. Vile vya upande wa mto havikuwa na tundu, vilikuwa laini mpaka chini.

Alikipasua. Hakuona nukta mizizini. Alipandisha wembe, na karibu shubiri moja juu ya mizizi akaukuta ule uzi wa pamba wa Aprili, mimba kamili, umepanda. Juu yake meno ya viwavi yalikuwa yamepita. Nusu ya suke lililokuwa halijazaliwa ilikuwa imetafunwa, na iliyobaki ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Akapasua kumi. Vyote kumi vilikuwa hivyo.

Akakumbuka. Miche yake haikutosha mwezi Januari, ikabaki kona hii wazi. Aurelia akampa masazo ya kitalu chake, kama wanawake wa bondeni wanavyopeana, bila kuombwa mara mbili. Lakini Aurelia alimwaga mbegu mwanzoni mwa Desemba, na mvua za kwanza zile zilizodanganya kila mtu. Mvua zikakata. Miche ikakaa kitaluni wiki saba ikingoja maji ya kupandikizia. Ya Fausta ilimwagwa baada ya mwaka mpya, ikakaa wiki tatu. Siku ya kupandikiza moja, umri tofauti kwa mwezi mzima. Na mmea haujali siku uliyokunja mgongo wewe. Wenyewe unahesabu toka mbegu ilipolowa, na ukipungukiwa maji huhesabu kwa haraka zaidi.

Uso ulimwaka moto. Jana alijigamba shamba zima, mbele ya kaka yake. Angeweza kunyamaza. Kona ingeoza taratibu, na labda angepata cha kusingizia. Lakini Venance alikuwa anaondoka kesho, na kona ile ilikuwa njiani, ambapo kila mwenye macho angeisoma kama tangazo. Alifikiri kwa muda wa kuziba tuta moja, kisha akaosha miguu na kufuata mlio wa pawatila.

Gaudensi alikuwa amesimama pembeni ya shamba lake, akitazama visiki vyake vikimezwa na tope nyuma ya mashine. Venance, kijana wa Kiberege mwenye mabuti yanayofika mapajani, alizima injini alipomwona Fausta anapunga mkono.

"Shikamoo kaka. Nimekuja kumwomba Venance alime kona yangu. Ile ya njiani tu."

Gaudensi alicheka mpaka akashika kiuno. "Jana si ulisema wembe umesema!"

"Wembe ulisema kweli. Ila kona sikuiuliza. Kona niliipima kwa macho, na macho yangu yamenidanganya." Akamwekea kisiki kilichopasuliwa mkononi. "Ona. Mimba ilikwisha kupanda, imeliwa. Ni miche ya wifi, ilizeekea kitaluni. Hii haiamki."

Kicheko kilipungua. Gaudensi alikitazama kisiki, kisha akatazama shamba lake mwenyewe, lililopandwa lote kwa miche ya kitalu kilekile.

"Na lako kaka umefanya vizuri kulilima," Fausta aliendelea. "Lisingefufuka. Umelenga sawasawa."

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Kwa lako. Na mimi ni sahihi kwa langu, toka pale kona inapoishia mpaka mtoni."

Mzee wa watu hakujua afurahi au achukie. Mtu kuambiwa yuko sahihi na mtu anayembishia ni jambo linalotatiza. Mwishowe alimwambia Venance, "Mlimie hiyo kona," akaenda kuloweka mbegu yake.

Basi shamba likakaa hivyo: kona imepinduliwa, na nyuma yake uwanja wa visiki vilivyosimama kwenye tope kama vijiti vya kuchokonolea meno. Wapita njia hawakumnyima maneno. "Fausta anafuga visiki siku hizi," alisema mmoja. "Mwaka huu tutakula ufagio," alisema mwingine. Fausta aliwajibu wote sawa: "Karibuni siku ya kuvuna." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anawakaribisha kweli.

Siku ya nne hakukuwa na kitu. Siku ya tano hakukuwa na kitu, na moyo wake, tuseme ukweli, ulienda mbio kidogo. Siku ya sita alfajiri aliinama usawa wa tope akaona sindano. Kijani, nyembamba, moja katikati ya kila kisiki, zimechomoza usiku mmoja kana kwamba zilipeana taarifa. Fausta alipiga kigelegele peke yake bondeni. Ndege walishtuka wakaruka.

Baada ya hapo mpunga ulifanya kazi kwa hasira. Kisiki kilichokuwa na mashina manne, matano, kikatoa vichipukizi pembeni mpaka tisa. Akayarudisha maji kidogo kidogo kadiri majani yalivyopanda, na jani la tatu lilipofunguka akarusha mbolea ya kukuzia, kidogo tu, kama mgonjwa anayeanzishiwa uji. Majani yenyewe hayakuwa kama yale ya kwanza. Yale yalikuwa laini ya kubembeleza. Haya mapya yalikuwa makavu yenye ukingo wa msumeno, yakamchana mikono wakati wa kupalilia mpaka akawa anavaa shati la mikono mirefu la kazi ya miwa. Panzi walikuja mwezi wa tatu, wakaonja, wakahamia kwenye mbegu changa za majirani waliopanda upya. Mmea nao ukiumwa unajifunza.

Pamoja na hayo, hakuna cha bure. Nguvu iliyotumika kushona nguo mpya ilichukuliwa kwenye siku za kuzaa. Mpunga wa Fausta ulichelewa wiki tatu. Mashamba ya ng'ambo ya mfereji, ambayo viwavi hawakuyafikia, yalivunwa katikati ya mwezi wa tano, watu wakabeba wakaondoka. Ya wale waliopanda upya bado yalikuwa kijani. Katikati ya bonde lote likabaki shamba moja la dhahabu, na ndege kwelea wote walikuwa wamelijua.

Fausta alihamia dunguni peke yake. Alifunga makopo kwenye kamba, akavuta toka mapambazuko mpaka magharibi. Kundi likitua kwa mbali lilikuwa kama kivuli cha wingu, na alipopiga kelele liliinuka likatua upande wa pili. Siku ya tano sauti ilikwisha. Alibaki anapuliza hewa na kurusha madongo, na kwa mara ya kwanza toka Februari aliogopa. Kuishinda njaa ya viwavi halafu kushindwa na ndege wa kutoshea kiganjani! Hilo lingemuuma kuliko mafuriko.

Siku ya sita asubuhi aliona baiskeli. Gaudensi alishuka, akaiegemeza kwenye nguzo ya dungu. Begani alikuwa na kombeo, na kwenye kapu alikuwa na samaki kitoga wa kukaushwa na unga.

"Nimekuja kupiga ndege," alisema.

"Karibu kaka," alisema Fausta, kwa sauti ya mkwaruzo iliyobaki.

Akampisha nafasi dunguni. Alijua hali ya shamba la kaka yake. Mvua zilikata mapema mwezi wa tano, na mpunga wa mbegu ya pili ukatoa masuke meupe yaliyosimama wima, mepesi, bila punje. Ndugu yake alikuwa amekosa mwaka. Na jambo hilo, badala ya kumtuliza Fausta, lilimkosesha raha. Mtu aliyekosa lake ana sababu zote za kulitaka la mwenzake. Baba yao alimwachia Gaudensi mashamba, na maneno ya Krismasi hayakuwa yamefutwa na mtu yeyote. Kila jioni walipokula kitoga Fausta alingoja kaka yake aliseme, na kila jioni Gaudensi alizungumzia ndege tu. Aliwapiga kama mtu anayedaiana nao. Jiwe la kombeo lake lilikuwa linalia hewani, na matusi yaliyolifuata hayawezi kuandikwa hapa.

Walilinda siku kumi. Kisha wakavuna, na Aurelia akaja na wanawake wanne na mundu zao. Hayakuwa mavuno ya kutangaza redioni. Kona ilitoa pumba, na ndege walikuwa wamekula yao. Lakini turubai lilipojaa, wakaanza kupiga mafungu ya mpunga kwenye gogo, punje zikamiminika nzito, kavu, zenye mlio, na Aurelia akachota kwa mikono miwili akamwonyesha mumewe. Wali wa mwaka ulikuwepo, na mbegu juu yake.

Siku ya pili ya kupiga mpunga alikuja Stanislaus, mfugaji anayekaa upande wa barabara ya Malinyi. Bondeni mwenye ng'ombe mwenye adabu haingizi mfugo shambani kwa sababu tu limevunwa. Anatangulia mwenyewe kwa miguu, anamwomba mwenye shamba mabua, na mwenye shamba anampa siku, au anamnyima. Stanislaus aliacha fimbo chini, akamwendea Gaudensi aliyekuwa amebeba fungu begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba mabua. Naona ni hapa tu palipobaki na majani ya maana. Kama kawaida, nimekuja kwako."

Fausta alikuwa ameinua fungu lake juu ya gogo. Halikushuka. Hata wale wanawake wanne walipunguza kasi, maana wote walikuwepo siku ya Krismasi, au walisimuliwa.

Gaudensi alilitua fungu taratibu. Akajifuta jasho kwa mkono, akatazama visiki vilivyobaki toka kona mpaka mtoni.

"Umekosea mtu," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Aurelia. "Mwenye shamba yule pale kwenye turubai. Muombe yeye. Na akikunyima, usirudi kwangu."

Macho ya Fausta yakajaa machozi. Aliyaacha yajae. Akaliweka fungu chini, akajikung'uta makapi, akamsubiri Stanislaus amfikie na kumsalimu kama inavyopasa.

"Una ng'ombe wangapi?"

"Thelathini na wawili, mama."

"Njoo nao Jumatano, siyo kabla. Na wapitie upande wa mtoni, wasije wakanivunjia matuta yangu."